Ukiambiwa kura zimeibwa, uliza kituo

Agosti 2022 nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja huku Kilifi. Siku ya tatu, mjomba akatuma picha ya Fomu 34A (fomu ya matokeo ya urais ya kituo kimoja) kwenye grupu la familia, nambari moja imezungushiwa wino mwekundu, akidai kura zimeibwa. Nikamjibu kwa hasira kwamba hakuna wizi. Alinyamaza, lakini hakuniamini, na kumbe wengine walishaisambaza.

Asubuhi nilimpigia. "Shikamoo mjomba. Ile fomu ni ya kituo gani?" Tukafungua pamoja tovuti ya IEBC, Tume ya uchaguzi ya Kenya: kaunti, jimbo, wadi, hadi kituo chenyewe. Ya tovuti ilisema 58. Ya kwenye picha 158, na ile moja ya mwanzo imebanwa kwenye kisanduku kuliko wenzake. Aliiona kwa macho yake, sikuhitaji kumshawishi.

Tangu hapo sijibu dai lisilo na kituo, fomu na nambari. Na majibu nayaandaa kabla ya kura: nachukua idadi ya waliojiandikisha kituoni (hawazidi 700), na wakimaliza kuhesabu kura napiga picha fomu yenye sahihi za mawakala wote, halafu nyingine ya ile iliyobandikwa mlangoni.

Hesabu nazo zifanye mwenyewe, hata msemaji awe mkubwa. Agosti 16 mwaka huo makamishna wanne wa Tume walisema asilimia za wagombea zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Kura halali zilikuwa milioni 14.2. Piga: inatoka 1,420 hivi, nayo imeletwa na kukadiria desimali tu, si kura za mtu.

Ila usimwambie mtu "haiwezekani." Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu matokeo hayakupeperushwa kwa kufuata sheria. Septemba 5, 2022 mahakama hiyo hiyo ikayathibitisha matokeo ya mwaka huo. Anayekumbuka 2017 ana haki ya kuuliza, nawe una wajibu wa kutafuta fomu kabla hujafungua mdomo.

Malalamiko ya urais hupelekwa mahakamani ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na majaji wana siku 14 za kuamua. Picha zangu sizifuti kabla ya hizo kuisha, na mjomba nimempa nakala.