Injini ya pikapu ya mzigo: usiangalie kupanda tu, angalia na kushuka

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unataka pikapu ya kushusha viazi kutoka Matamba, juu mlimani, hadi Chimala bondeni, ukirudi unapandisha mbolea. Mzigo wako ni tani moja mpaka moja na nusu, na umekwama kati ya Hilux ya 2.4, Hilux ya 2.8, zile za zamani za 3.0 na Land Cruiser ya 4.2. Waliotangulia wamekujibu kwa kulinganisha cc na nguvu za farasi. Mimi njia hiyo nimeipita miaka tisa, na pikapu tatu tofauti zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo naomba univumilie nikujibu kwa kirefu. Barabara yako ina kona 57, na mzigo wako mzito unashuka, haupandi. Hilo peke yake linabadilisha hesabu nzima.

Nilianza na Hilux yenye injini ya 5L, zile za zamani za 3.0. Ni dizeli ya cc 2,986, pampu ya kawaida, haina tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa) wala kompyuta, na fundi yeyote wa huku anaijua hata gizani. Kwenye tambarare ilibeba vizuri, nikaamini 3.0 inatosha kwa kila kitu. Msimu wa kupanda viazi nikapakia mifuko 24 ya mbolea, kila mmoja kilo 50. Hesabu yake ni kilo 1,200, na bado sijatuweka mimi na utingo. Kuanzia kona ya thelathini na kitu tukawa tunatembea gia ya kwanza, nyuma moshi mweusi, mshale wa joto unapanda taratibu. Nikajiambia nitapumzisha tukifika juu. Hatukufika. Gasketi ya silinda hedi iliungua, maji yakaingia kwenye oili, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Sikuilaumu injini, na mpaka leo siilaumu. Mzigo ulipita kiasi, rejeta nilikuwa sijaisafisha tangu ninunue gari, na kuna jambo moja kuhusu milima nilikuwa silijui.

Jambo lenyewe ni hewa. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na ukifika kwenye mita 2,000 hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Dizeli inayopulizwa ni ileile, hewa ya kuichoma haipo ya kutosha, ndiyo maana unaona moshi mweusi na gari linakosa nguvu. Kwa hiyo ile 3.0 yangu, iliyokuwa na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya takriban Nm 200 kiwandani, kule juu ilikuwa inafanya kazi ya injini ya 2.4 au 2.5. Wewe unayetaka kwenda hadi Kitulo, juu zaidi ya Matamba, ambako ni mita 2,600 na zaidi, utaumia kuliko mimi. Mtu wa Dar es Salaam akikwambia 5L yake inabeba tani na nusu bila shida, hakudanganyi. Anazungumzia hewa ya Dar.

Tabo inatibu hilo. Inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mlima hauinyang'anyi injini pumzi kwa kiasi kile. Tazama namba hizi, maana ndizo zinazowachanganya watu. Land Cruiser ya 4.2, yenye injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164 bila tabo, inatoa toki ya Nm 285 kwenye resi 2,200. Hilux ya 2.8, yenye injini ya 1GD, silinda nne, cc 2,755 yenye tabo, ilipotoka 2015 ilikuwa na Nm 420 kwa gia za mkono na 450 kwa otomatiki. Injini ndogo inaishinda kubwa kwa mbali, na ukipanda juu pengo linaongezeka. Kama kazi yako ingekuwa kupandisha tu, ningekwambia chukua 2.8 na mjadala uishie hapo.

Lakini viazi vinashuka.

Pikapu yangu ya pili ilikuwa Hilux ya 2.5 yenye tabo, 2KD. Kupanda na mbolea ilinipa raha ambayo 5L haikuwahi kunipa, nikawa mwepesi wa kuamini kwamba nimemaliza shida zote. Mwezi wa tano mwaka huo nilipakia magunia kumi ya lumbesa. Unajua lumbesa ilivyo: gunia limeshonewa kilemba juu, kilo 130 au zaidi, hivyo nilikuwa na kilo 1,300 au zaidi mgongoni. Nikaanza kushuka gia ya tatu, mguu kwenye breki, naachia na kukanyaga. Kona kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye kumi na tano nikasikia harufu kama ya raba inayoungua. Baada ya kona tatu au nne mbele pedeli ikaanza kuzama, nikikanyaga inakwenda chini zaidi ya kawaida na gari halipungui kama nilivyozoea. Nikajaribu kurudisha gia ya pili, resi zikaruka juu, gari likashikwa kidogo tu. Nikavuta hendibreki, nikalibananisha gari upande wa mlima, tairi la mbele likaingia kwenye mfereji. Utingo akaruka na gogo kabla hatujasimama, akaliweka nyuma ya tairi akisahau kwamba gari linashuka, kisha akalichomoa mbio na kulihamishia mbele. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa inatetemeka. Moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye tairi zote mbili za mbele. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima tunasubiri breki zipoe, na wala hatukuzimwagia maji, kwa sababu diski iliyochemka ukiimwagia maji inaweza kujikunja au kupasuka.

Mzee mmoja aliyekuwa anapandisha Land Cruiser alisimama kutuangalia. Akaniuliza nilikuwa gia ya ngapi. Nikamwambia ya tatu. Akasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na tangu mwanzo wa mlima, siyo baada ya breki kulalamika. Kisha akagonga boneti ya gari langu kwa kidole na kusema, "Halafu hii ni ndogo, haitakushikilia sana."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifundisha kuchagua injini. Ukishuka na kuachia mafuta, kinachokushikilia ni kazi ya injini kunyonya hewa, kuikandamiza na kuitoa, pamoja na misuguano ya pistoni na vyuma vyake. Tabo wakati huo haina kazi, kwa sababu hakuna moshi wa kutosha wa kuizungusha. Injini ya cc 2,500 yenye tabo inapanda kama ya cc 4,000, ila inashuka kama ya cc 2,500. Nguvu uliyokuwa nayo wakati wa kupanda imebaki juu ya mlima, na mzigo ni uleule. Canter na malori mengine wana ile breki ya kuziba moshi inayowasaidia. Pikapu hizi hazina. Kwa hiyo unaposhusha mzigo, ukubwa halisi wa injini hauna mbadala zaidi ya gia ndogo na mwendo mdogo.

Ndiyo maana sasa natumia 1HZ, yaani Land Cruiser HZJ79 ya kebini moja. Nashuka gia ya pili na viazi vyangu, injini inanguruma, breki nagusa tu kwenye kona zenyewe. Kupanda na mbolea ni pole pole, Hilux mpya zinanipita na kunipungia mkono, lakini mshale wa joto hausogei. Sitakuficha ubaya wake. Inakunywa. Kwa matumizi yangu na mzigo napata kilomita sita hadi saba kwa lita, wakati mdogo wangu mwenye 2.8 anapata tisa, wakati mwingine kumi. Kila bei mpya za mafuta za EWURA, wadhibiti wa nishati, zikitangazwa, tofauti hiyo naisikia mfukoni. Mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT itawaka kwenye dashibodi kukukumbusha. Wapo wanaoizima taa bila kubadili mkanda ili wauze gari. Mkanda ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unaanza kuzungumzia injini nyingine. Na bei ya kununulia, ya mkono wa pili, ni ya kukuumiza kichwa kuliko Hilux yoyote ya umri sawa.

Kitu kingine ambacho hakihusu cc ila kinakwenda pamoja na uamuzi huu ni ekseli ya nyuma. Kwenye Land Cruiser ya 79 mzigo unabebwa na nyumba ya ekseli, shafti kazi yake ni kuzungusha tairi tu. Kwenye Hilux shafti inazungusha na kubeba kwa pamoja. Watu wanaongeza springi kwenye Hilux wanadhani wameongeza uwezo wa gari, kumbe wamezuia tu lisilale. Breki, beringi na shafti zimebaki za tani moja.

Sasa kuhusu hizo 2.4 na 2.8. 2GD, yaani ile 2.4 yenye cc 2,393, ni injini nzuri kwa mtu wa mjini anayebeba nusu tani na kusafiri kwenye lami. Kwa kazi yako isahau. 2.8 inafaa kwa masharti: mzigo usizidi tani moja, ushuke gia ya pili tangu kona ya kwanza, na uwe mkali kwenye dizeli. Hizi ni za komoni reli, mafuta yanapita kwa shinikizo linalozidi bar 1,500 kwenye tundu dogo kuliko unavyoweza kuliona. Dizeli ya Afrika Mashariki ilipunguzwa salfa hadi 50 ppm tangu 2015, hiyo ilisaidia, lakini maji na mchanga wa kwenye madumu haviondolewi na kanuni yoyote. Mdogo wangu alijaza mara moja kutoka kwenye pipa kijijini, injekta mbili zikafa. Tangu hapo anabeba filta ya ziada na anamwaga maji ya kwenye filta kila wiki. 1HZ nayo haipendi uchafu, ila inavumilia zaidi, na pampu yake fundi wa kawaida anaweza kuifungua. Na ukimaliza mlima na gari la tabo, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iipoze tabo.

Land Cruiser ya V8, VDJ79, umeigusia kidogo. Ina cc 4,461 na Nm 430, inapanda na inashuka vizuri. Ila viazi havitalipa spea zake.

Ukienda kununua, usisome stika ya mlangoni, zinauzwa dukani. Fungua boneti, soma bati la chasisi. LN ni injini za L kama 5L. KUN25 ni 2.5, KUN26 ni 3.0 ya tabo, GUN125 ni 2.4, GUN126 ni 2.8, HZJ79 ni 4.2. Kisha soma namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe ulinganishe, maana zimebadilishwa nyingi. Injini ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa oili: moshi ukipuliza kwa nguvu kama wa jiko, ringi zimekwisha, ondoka.

Uamuzi wangu kwako, kwa maelezo uliyotoa: tani moja na nusu kila siku kwenye kona hizo, chukua HZJ79, hata kama ni ya zamani, mradi injini ni nzima. Pesa ikigoma, chukua GUN126 na ukubali kupunguza magunia, ongeza safari. Ukiona mzigo utafika tani mbili, achana na pikapu, tafuta Canter.

Na kabla ya kulipa mwombe muuzaji mpakie tani moja, mshuke mlima wote gia ya pili. Mkifika Chimala, kabla gari halijapoa, dondoshea matone mawili ya maji kwenye rimu ya mbele, usiguse kwa mkono wala usimwage kwenye diski. Matone yakikaa na kuteleza chini, huenda injini ndiyo iliyofanya kazi ya kuwashikilia. Yakichemka palepale, zilikuwa breki.