Kabla ya kuchora pwani, jua maji yako wapi

Vijana wanaotaka kuchora mandhari ya bahari huniuliza kwanza natumia rangi gani. Nyumbani kwetu babu alichonga milango, baba na ami wanachora, dada yangu anapaka hina na siku hizi anachora pia. Hakuna aliyenianzisha na rangi. Baba alinianzisha na bamvu.

Ukienda Jambiani au Matemwe, pwani ya mashariki ya Unguja, jua kwanza mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu, bamvu linaingia: maji yanakupwa mbali, unabaki mchanga, vidimbwi na vigingi vya mwani, kisha yanajaa mpaka karibu na minazi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, mimi hufanya kazi nyingine. Tena kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi picha uliyoianza jana saa tatu, leo iendee karibu saa nne.

Jua nalo lina mambo yake. Pwani ya mashariki asubuhi linakupiga usoni, bahari yote inakuwa mng'aro mtupu. Ngoja alasiri likupe mgongo, ndipo utaona kijani cha maji madogo na buluu nzito nje ya mwamba. Forodhani, upande wa magharibi, ni kinyume: jioni jahazi linageuka kivuli cheusi, ndiyo maana picha za machweo za Mji Mkongwe zinafanana. (Kadhaa ni za ami yangu, atanisamehe.)

Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, ukiitazama bahari pale Jambiani, upepo unatoka kuliani. Kwenye picha za madukani utakuta tanga limevimba huku, makuti yamelala kule, kama kwamba pepo ni mbili. Na ngalawa ina mirengu miwili, ile mbao ya kuizuia isipinduke, mmoja kila upande. Wavuvi hupita nyuma yako unapochora, na hawanyamazi.

Mkiwa wachoraji wengi nyumba moja, kubalianeni mapema nani anatia saini. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliwafundisha jamaa zake, akafariki 1972, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Wengi waliomfuata wanunuzi hawawajui. Kwetu nako kazi zote zilitoka kwa jina la baba. Nilipoanza kusaini langu bei ilishuka, nikaikubali. Baba alinuna kidogo, kisha akawa mteja akitaka bahari ya mashariki anamleta kwangu.