Mkeo Ameuliza Maji, Wewe Ukasikia Dharau

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 51, mke mmoja na watoto watatu. Ndoa yetu ina miaka 19. Mwaka jana tulikwenda mapumziko ya siku sita kwenye kijiji cha pwani, mbali kabisa na mji, na sijawahi kulala usingizi kama ule. Tangu Machi nimepata nafasi ya kutafakari maisha. Nimeamua tuuze nyumba ya mjini, tununue kiwanja nilichokiona kule, hatua 30 tu kutoka majini, tujenge nyumba na vyumba vinne vya wageni. Mke wangu ananikatisha tamaa. Nilipomwonyesha picha za kiwanja alizipitia zote, akanyamaza, kisha akauliza: "Maji ya kunywa yanatoka wapi?" Basi, hakusema lingine. Nilijisikia mjinga. Najua mama yake ndiye anayemtia maneno, maana yule mama alizaliwa pwani na anajifanya anaijua bahari kuliko watu wote. Siku hizi natoka nyumbani saa moja asubuhi, nikirudi jioni sina hata hamu ya kuongea naye. Rafiki zangu wanasema niuze, nitangulie, atafuata. Dalali ananiambia kiwanja kina watu wengine wanaokitaka. Nifanyeje?
— Msaka Utulivu

(Barua ilikuwa ya kurasa tatu, nimeifupisha.)

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa amani. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu kila nikiirudia barua hii ninayemhurumia ni mwingine.

Tuanze na hiyo saa moja asubuhi. Unasema tangu Machi umepata nafasi ya kutafakari. Mtu mwenye kazi hapati nafasi ya kutafakari kuanzia Machi. Hupata Jumapili mchana, tena kwa kuiba. Mistari michache baadaye unatoka nyumbani kila siku saa moja na kurudi jioni. Unakwenda wapi? Katika kurasa tatu hukutaja ofisi, hukumtaja bosi, hukulalamikia hata foleni ya barabarani. Mwanaume wa miaka 51 akisimulia maisha yake yote asiitaje kazi yake hata kwa bahati mbaya, basi kazi hiyo haipo. Ilikwisha Machi. Kama nimekosea niandikie, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya wasomaji. Lakini siisubiri barua hiyo.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya mambo 43 yanayomtikisa binadamu, kila jambo na alama zake. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kukapewa 100. Ndoa yenyewe 50, na hapo nadhani waliipunja. Kufukuzwa kazi 47. Kuhama makazi 20. Sasa jitazame: umeniandikia kurasa tatu kuhusu lile la 20, lile la 47 umelikalia kama kuku aliyeatamia.

Na mkeo anajua. Usishtuke. Mwanamke aliyefua mashati yako kwa miaka 19 anaijua kola ya mtu aliyeshinda kazini, na anaijua kola ya mtu aliyeshinda amekaa kivulini. Anazijua soli za viatu vyako. Bado anakupigia pasi shati, bado anakufungulia mlango jioni, bado anakuuliza siku ilikuwaje. Anakungojea useme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha kwa mtu anayelala kando yako akikusikiliza unavyogeuka geuka usiku kucha.

Ndiyo maana nikasema namhurumia mwingine.

Haya, twende pwani. Ule usingizi wa siku sita unadhani uliletwa na mawimbi. Mwaka jana ulikuwa na kazi ya kurudia Jumatatu na mshahara uliokuwa unaingia hata ukiwa umelala juu ya mchanga. Ulilala kwa sababu hiyo. Nenda leo na hali uliyo nayo, uone kama bahari hiyo hiyo haitakukesheza. Ina kelele usiku, mwanangu, na haina pa kuizimia.

Kisha swali la mkeo. Nimepokea barua nyingi za watu wanaotaka kuhama, na sijaona swali lenye akili kuliko hilo moja aliloliuliza akiwa ameshika simu yako. Kwenye ardhi ya mchanga ya pwani, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inapendeza kusikia. Lakini hesabu hiyo inakwenda na kurudi. Ukivuta maji kisimani kila siku hadi usawa ukashuka mita 1, chumvi nayo hatimaye inapanda kutoka chini kama mita 40. Leo unachota maji matamu, baada ya muda unaonja kitu ulimini hukielewi, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi haraka. Halafu wewe unataka hatua 30 kutoka majini, na vyumba vinne vya wageni juu yake. Wageni wanaoga. Wageni wanalala kwenye mashuka, na mashuka ya vyumba vinne yanafuliwa. Na nani? Kwa maji gani? Wewe ulikuwa unamwonyesha picha ya machweo, mwenzio ameshajiona ameinama kwenye beseni.

Hizo hatua 30 nazo, ulizipima siku gani ya mwezi? Bahari haina mpaka mmoja. Baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu linakuja bamvua, maji yanapanda juu kabisa na kupwa mbali kabisa. Katikati yake kuna maji mafu, bahari inasogea kidogo tu kama mtu mvivu. Siku zako sita zinaweza kuwa zote ziliangukia kwenye maji mafu. Hatua 30 za maji mafu zinaweza kuwa hatua nane za bamvua, na bamvua likikutana na upepo mkali, hesabu unafanyia kitandani miguu ikiwa juu.

Chumvi ya hewani sitaieleza sana. Misumari, mabati, bawaba za milango, friji, vyuma vya madirisha, vyote vinaliwa. Muulize mkweo.

Naam, mkweo. Hapo ndipo uliponikasirisha hasa. Katika ukoo wenu wote mna mtu mmoja tu aliyezaliwa na bahari mlangoni, na ushauri wake wewe unauita "kumtia maneno". Ulitaka amtie nini, changarawe? Kama ungekuwa unataka kununua ng'ombe na mkweo ni mfugaji, ungempeleka mnadani akafunue meno. Huyu anaijua bahari, naye unamwita mjuaji. Mwanangu, anayechukia kusikia hatari za mahali kutoka kwa mwenyeji anajua moyoni kwamba mpango wake hauwezi kustahimili maswali.

Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, kule Indonesia. Mwaka 1907 kilipigwa na wimbi kubwa la tetemeko, watu wengi wakafa. Waliobaki wakawasimulia watoto, watoto wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, usiokote samaki, kimbia mlimani. Wenyewe wanaliita wimbi hilo smong. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu miaka 100 baadaye, wimbi likarudi. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, wakafa 7. Waliwasikiliza bibi zao. Wewe katika siku sita, kwa maelezo yako mwenyewe, uliongea na nani kwa kirefu? Dalali.

Sasa nitaongea na wengi, wewe subiri kidogo. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa wa matangazo. Mume anakaa na jambo miezi sita kichwani, analizungusha, analipamba, analishauri na rafiki zake, linawiva. Halafu siku moja anamwekea mke mezani kama tangazo la serikali, na anataka makofi. Mke akiuliza swali moja, kosa! Amekatisha tamaa, hamuungi mkono mwenzie. Wanawake nao wapo wa hivyo, nisije nikaambiwa napendelea. Nina barua ya dada aliyesaini mkataba wa nyumba mume akajua siku ya kupakia vyombo. Mnaambiana "tumeamua" wakati aliyeamua ni mmoja. Mtu mzima anamwandikia Shangazi asiyemjua sura, anamweleza asichoweza kumwambia mwanamke aliyemzalia watoto watatu. Mimi ninaishi kwa barua hizi, sizikatai, lakini kuna siku nazifunga natikisa kichwa.

Turudi kwako. Kuhusu nyumba ya mjini: usiache mbachao kwa msala upitao. Usiiuze. Nyumba hiyo ndiyo kitu pekee mlicho nacho kilichosimama tangu Machi. Mpangishe mtu mkitaka, lakini hati ibaki kabatini. Na hao rafiki wanaosema utangulie atafuata, waulize ni nani kati yao aliyetangulia. Mume anayetangulia peke yake hatua 30 kutoka majini, akiwa na fedha za nyumba ya familia mfukoni, kwa lugha yangu mimi anakimbia. Majirani waliokuwa wakikuona na tai kila asubuhi ndio unaowakimbia, si zogo la mji.

Mimi sijasema usihamie pwani. Mchelea bahari si msafiri. Rudia kusoma barua yako mwenyewe: mkeo hajasema hapana mahali popote. Hataki, unasema wewe. Yeye alizipitia picha zote, moja baada ya nyingine, kisha akauliza maji. Mtu asiyetaka kuhama haulizi maji, mwanangu. Anauliza umerogwa na nani.

Fanya hivi. Leo usiku watoto wakishalala, mwambie kazi iliisha Machi. Usianze na pwani, usianze na kiwanja, usimpe hotuba. Sema hilo, kisha nyamaza kama alivyonyamaza yeye. Atalia au hatalia, pengine atasema "najua" ukatamani ardhi ipasuke. Vumilia. Ukimaliza hilo, na ikiwa bado mnaitaka pwani, pangeni nyumba kule kwa miezi mitatu, na msiende msimu wa likizo. Nendeni wakati upepo unavuma vibaya, mvua inanyesha na barabara ni tope. Hesabu dakika za kufika hospitali usiku, si kwenye ramani, kwa gari halisi. Angalia watoto watasoma wapi. Onja kisima mwisho wa kiangazi, siyo siku mvua imenyesha. Na mchukue mkweo, mpe kiti cha mbele. Atakuonyesha mahali ambapo wazee waliweka nyumba zao na mahali walipoacha tupu, nawe utauliza kwa nini palikuwa tupu kabla hujamrudia dalali.

Huyo dalali akipiga simu tena kukuambia kuna wateja wengine wanakitaka kiwanja, usibishane naye. Mpe simu mkeo amuulize lile swali lake.