Ngumi ya Daryl na kifo cha Glenn

Mkuu, umeuliza kwa nini mpaka leo watu wanamlaumu Daryl kwa kifo cha mwenzake Glenn kwenye The Walking Dead, ile tamthilia ya Marekani ya mazombi. Ni kwa sababu ngumi yake ndiyo iliyoonekana. Mwenzao Abraham keshauawa, Negan, kiongozi wa maadui zao, anamsogezea mwenzao mwingine, Rosita, rungu la seng'enge usoni, Daryl anashindwa kuvumilia, anamrukia. Adhabu ikamwangukia Glenn. Lakini mwenye rungu alikuwa Negan, na mtu aliyetoka kuona rafiki yake akipondwa kichwa hakai akapiga hesabu. Mnamwonea.

Mimi nalaumu uamuzi wa Rick, kiongozi wa kundi lao, kuwavamia watu wa Negan usiku wakiwa wamelala. Rudia kipindi kile umtazame Glenn: amesimama juu ya mtu aliyelala, kisu kinamtetemeka mkononi, machozi yanamlenga, ndipo anachoma. Halafu anaziona picha ukutani, vichwa vilivyopondwa. Pale roho yangu ilishtuka kabisa.

Na hasira nyingi, naona, zilikuwa za waandishi. Mwaka 2015 walituaminisha Glenn amekufa chini ya lile pipa kubwa la taka, kumbe mzima. Aprili 2016 wakafunga msimu bila kuonyesha nani kapigwa, tukasubiri hadi Oktoba 23. Mtu umeshamlilia mara moja, unaletewa tena, tena mkewe Maggie, mjamzito, anatazama! Carl naye, mwana wa Rick, ambaye kwenye vitabu vya katuni vilivyozaa tamthilia hiyo anaishi, wakamuua 2018. Hilo sijawasamehe.