Kitasa janja kwenye mlango wa nyumba: kabla ya fundi kuondoka, hakikisha mlango ni wako

Mkuu, umesema nyumba ipo Goba, mlango wa mbele ni wa mninga, fundi anataka ang'oe kitasa cha zamani aweke cha alama ya kidole, na mama watoto anahofia siku umeme ukikatika mtalala nje. Mimi nipo Tabata, natumia kitasa cha aina hiyo tangu mwanzoni mwa 2023. Hofu ya mama nitaijibu, ila niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza: kitasa hicho kitasajiliwa kwenye simu ya nani?

Changu nilikinunua Kariakoo kwa 380,000. Fundi akaja Jumamosi, akachonga mlango kwa utaratibu, kazi ikawa safi. Alipomaliza akatoa simu yake, akafungua programu ya kitasa, akakiunganisha kwa Bluetooth, kikalia, kikafunguka. Kisha akaniambia nami nipakue programu ileile, akanitumia ufunguo kwenye simu yangu. Tukaingiza vidole vyangu, vya mke wangu na vya watoto wawili, na namba ya siri ya dada anayetusaidia kazi. Nikamlipa, tukaagana vizuri.

Miezi minne baadaye dada yule akaolewa, tukamwombea heri, nikaingia kwenye programu kufuta namba yake. Hiyo ilikubali. Lakini nilipotaka kurekebisha saa ya kitasa na mipangilio mingine, ikagoma: ruhusa hiyo ni ya mmiliki. Nikabaki najiuliza, mmiliki ni nani kama si mimi niliyekinunua? Nikampigia fundi. Akanijibu bila kuficha kwamba vitasa vya wateja wake wote vipo kwenye simu yake, ili mtu akipata shida amsaidie haraka.

Naamini hakuwa na nia mbaya. Lakini fikiria hilo lina maana gani. Vitasa vingi vya bei ya kati vina namba za muda, zile unazompa mgeni zifanye kazi siku mbili kisha zife. Namba hizo hutengenezwa na seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha programu ya kitasa, kwa hesabu ambayo kitasa nacho kinaijua, pamoja na saa iliyomo ndani yake, kwa hiyo kitasa hakihitaji hata intaneti ili kuzikubali. Mwenye akaunti ya mmiliki anaweza kuwa Mbeya akatengeneza namba, na mtu aliyesimama mlangoni kwangu akaingia. Na kama simu ya fundi ingeporwa kwenye daladala ikiwa wazi, aliyeipora angepata milango ya familia nyingi kwa mkupuo. Usiku ule nilisukuma meza ya chakula nyuma ya mlango ndipo nikalala.

Kesho yake fundi alikuja, akakifuta kitasa kwenye akaunti yake nikiwa nimesimama pembeni yake. Halafu ndani, chini ya kifuniko cha betri, kuna kitufe kidogo cha kurudisha kitasa upya; nikakibonyeza mpaka kikalia. Hapo kikasahau vidole na namba zote, nami nikakisajili kwa simu yangu na barua pepe yangu. Na tahadhari hapohapo: vitasa vya aina yangu vikiwa havijasajiliwa hufunguka kwa 123456. Ndivyo vinavyotoka kiwandani. Hakikisha ukishasajili namba hiyo haifungui tena. Ijaribu kwa mkono wako. Uingereza wameona ubaya wa namba za kiwandani kiasi cha kuzipiga marufuku kisheria kwenye vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Huku kwetu mlinzi wa jambo hilo ni wewe mwenyewe.

Sasa umeme. Mwambie mama watoto atulie kwenye hilo, kwa sababu kitasa hakitumii umeme wa TANESCO. Changu kinatumia betri nne ndogo za AA, na kwa watu sita tunaoingia na kutoka hukaa kama miezi minane. Vidole na namba vimehifadhiwa ndani ya kitasa chenyewe, hivyo umeme ukikatika na Wi-Fi ikizima, mlango unafunguka kama kawaida. Kinachokwama ni kufungua ukiwa mbali tu. Betri zikikaribia kwisha kinalia na kuwasha taa nyekundu siku nyingi kabla. Ukipuuza mpaka zikaisha kabisa, chini ya kishikio kuna tundu la USB: unachomeka pawabenki, kinaamka, unaweka kidole, unaingia. Vingine badala ya tundu vina ncha mbili za kugusishia betri ya volti 9.

Usiweke betri za kuchaji. Betri ya alkalaini ni volti 1.5, ya kuchaji ni 1.2, na kitasa hukadiria chaji kwa kupima volti, kwa hiyo kitakudanganya. Zile za bei rahisi sana nazo huvuja maji, na maji hayo hula vishikizo vya chuma. Kwa hali ya hewa ya Dar uharibifu huo hauchukui muda.

Pia kuna ufunguo wa kawaida wa dharura, tundu lake limefichwa chini ya kifuniko. Wengi huuweka kwenye droo ndani ya nyumba, na huko hautakusaidia ukiwa nje. Wangu mmoja upo kwa shemeji yangu Kimara.

Kuhusu mlango wenyewe, pima kabla hujalipa. Vitasa vingi vya aina hii vinataka mlango wenye unene kuanzia milimita 40 hivi, na sanduku lake ni pana kuliko la kitasa cha zamani, kwa hiyo fundi lazima achonge upya kwa patasi na drili. Mninga unastahimili. Mlango wenye ubao mwembamba pembeni unaweza kubaki na ngozi tu baada ya kuchongwa, na hapo umeweka kitasa cha laki nne kwenye mlango unaopasuka kwa teke. Pima pia umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya kishikio. Kikiwa karibu sana na mwimo utajigonga vidole kila siku.

Kwenye mwimo ndipo nilipokosea mara ya pili. Bati linalopokea ulimi wa kitasa lilikuja na skrubu fupi za inchi moja. Ulimi unaweza kuwa wa chuma kizuri namna gani, lakini mtu akipiga bega, kinachong'oka ni hilo bati na kipande cha mbao. Nilizitoa, nikaweka skrubu za inchi tatu zinazopita kwenye mwimo mpaka kwenye tofali. Gharama yake haikufika hata elfu tano, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoongeza ulinzi kuliko kitu kingine chochote nilichofanya pale mlangoni. Tena masika mlango wa mbao huvimba, ulimi unaanza kugusa bati, mota inahangaika na betri zinaisha upesi. Ukisikia kitasa kinakoroma, tanua tundu la bati kwa tupa kabla mota haijaungua.

Swali lako la kama wataalamu wa kompyuta wanaweza kukifungua: ndiyo, imeshatokea, si hadithi. Mwaka 2016 kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi na wataalamu wa usalama wa kompyuta huko Marekani, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walionyesha kwamba kati ya vitasa na makufuli 16 ya Bluetooth waliyoyajaribu, 12 yalifunguka. Baadhi ya hayo yaliyofunguka yalikuwa yanatuma namba ya siri hewani bila kuificha. Mwaka 2018 kampuni ya utafiti ya Pen Test Partners ilifungua kufuli la kidole la Tapplock kwa chini ya sekunde mbili, kwa sababu siri yake ilitokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe lilikuwa linaitangaza. Machi 2024 watafiti wakatangaza udhaifu kwenye vitasa vya kadi vya Saflok vinavyotumika hotelini, milango takriban milioni 3 katika nchi 131. Kwa hiyo kadi zilizokuja na kitasa changu, zile za kugusisha, sikuzisajili kabisa. Kadi za bei rahisi hunakiliwa kirahisi, na sina haja nazo.

Ila niseme nilivyoona mtaani kwetu. Nyumba tatu zimeingiliwa tangu niweke kitasa hiki. Moja walikata nondo za dirisha, moja walipanda wakatoboa dari, moja wakavunja kufuli la mlango wa jikoni nyuma. Hakuna aliyekuja na kompyuta. Ukiwa na fedha ya kitasa kimoja janja na mlango wa nyuma bado una kufuli la elfu nane, anza na mlango wa nyuma.

Namba za siri ni hatari ya karibu zaidi kuliko wadukuzi. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini mafuta ya vidole yakibaki kwenye tarakimu zilezile nne, mtu ana mipangilio 24 tu ya kujaribu. Tumia tarakimu sita, na ufute kioo mara kwa mara. Vitasa vingi pia vinakuruhusu kubonyeza namba zozote za uongo kabla na baada ya ile ya kweli. Wafundishe watoto hilo, maana jirani akisimama nyuma yao hashiki kitu. Na kila mtu awe na namba yake. Mkiwa na namba moja ya nyumba nzima, siku msaidizi anapoondoka mnabadilisha wote.

Kidole nacho si cha kila mtu. Mama yangu alipokuja kutoka Kilosa, kitasa kilimkataa asubuhi na jioni, kwa sababu miaka ya jembe imesugua alama zake. Ilinikera sana kumwona amesimama kwenye baraza ya mwanawe anaomba kufunguliwa. Nikampa namba fupi anayoikumbuka. Kwa wengine, sajili vidole viwili, kimoja cha kila mkono. Mtu akitoka kufua au akijikata, ana kingine.

Programu itakuonyesha nani ameingia saa ngapi. Kijana wangu wa kidato cha tano alipogundua naangalia, aliumia, tukazungumza, nikaacha. Sasa nafungua orodha hiyo kukiwa na jambo la kuulizia tu, na msaidizi wetu wa sasa nilimwambia siku ya kwanza kwamba orodha ipo.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa moyo wote. Nyumba zetu nyingi usiku mlango unafungwa kwa ufunguo, halafu grili inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unawekwa juu ya friji au chini ya mto wa baba. Moto wa hitilafu ya umeme ukianza saa nane usiku, moshi umejaa na giza, nani ataupata? Kitasa changu kwa ndani kinafunguka kwa kukandamiza kishikio tu, bila ufunguo na bila namba, hata betri zikiwa zimekufa. Binti yangu wa miaka saba anaweza. Ukienda dukani, jaribu hilo kwanza: mwambie muuzaji atoe betri zote, kisha ufungue kwa upande wa ndani. Kikigoma, kiache hapohapo dukani. Na ukishakifunga, angalia grili yako. Kama bado ina kufuli, kitasa hakijawasaidia. Mimi grili nilimpa fundi wa kuchomelea akaweka komeo la kusukuma kwa ndani, na bati pana la kulikinga ili mkono wa mtu wa nje usilifikie.