Imeingia kwenye koleti, lakini inafaa?

SWALI: Mimi ni seremala, natengeneza milango ya mninga na mkongo hapa Morogoro. Nilichoka kuchonga nakshi kwa patasi tupu, nikanunua grenda ndogo ya mkono yenye koleti (tundu linalobana mkia wa biti) ya milimita 6 na boksi la biti 10 za kabaidi, ile metali ngumu ya kukatia. Zinaunguza mbao, nakshi inatoka nyeusi, na baada ya dakika chache biti hailumi tena. Fundi mwenzangu anasema niziweke kando, nifunge biti za rauta, ile mashine ya kuchimbia mifereji na kingo za mbao, kwa sababu nazo zina mkia wa milimita 6. Pale pa kuondoa mbao nyingi, anasema nifunge msumeno wa duara kwenye grenda kubwa. Ninunue seti gani?

JIBU: Usinunue seti yoyote. Boksi la biti 10 huwa na mbili utakazozitumia na nane za kukusanya kutu.

Biti zako si mbovu, ila ni za chuma. Chukua moja uitazame juani. Utaona mistari imekatwa huku na huku ikapishana kama wavu, na vijino ni vidogo kama punje za sukari. Hizo zimetengenezwa kusafishia mishono ya kuchomelea, maana chuma kinatoka vipande vidogo vigumu vinavyoruka vyenyewe. Mbao inatoka unga wenye utomvu. Unga huo ukipata joto unaganda katikati ya meno, na biti iliyojaa haikati tena, inasugua. Kusugua kwa mizunguko 25,000 kwa dakika ni kuwasha moto, ndiyo weusi unaouona. Nawe ukiona hailumi unakandamiza zaidi, basi unazidi kuuchochea.

Tazama mbuzi ya nyumbani kwako. Meno yake ni machache, yamesimama, na yana nafasi katikati ili nazi ipite. Ukikunia nazi kwa tupa utapata nini? Kwa mninga tafuta biti ya kabaidi yenye miiba iliyosimama mmojammoja, iliyoandikwa kuwa ni ya mbao. Ukiikosa, tafuta ile yenye mifereji mipana ya upande mmoja, wanayotumia wafanyao kazi ya alumini. Zile ulizonazo zisafishe kwa mafuta ya taa na brashi ya nyaya za shaba, uziweke. Siku ukipata mpingo zitakufaa, kwa sababu mbao nzito namna ile inakubali meno madogo kuliko mninga.

Kwa milango, maumbo matatu yanatosha kuanzia: silinda yenye ncha ya mviringo ya kushushia uwanja (sehemu tambarare nyuma ya nakshi), mpira wa kuchimbia matumbo ya maua, na umbo la mwali wa moto la kupitia kona za minyororo ya fremu. Kichwa kikubwa kiwe cha milimita 12 hivi, na hicho usikizungushe kwa kasi ileile ya kidogo. Kwa mizunguko 25,000, ukingo wa kichwa cha milimita 12 unapita kama mita 940 kwa dakika, wakati cha milimita 3 unapita kama mita 235 tu. Pima na mkia pia. Kuna wa milimita 6 na kuna wa robo inchi, ambao ni milimita 6.35. Ule mwembamba ukiufunga kwenye koleti ya robo inchi, utakuja kuchomoka mashine ikiwa mkononi.

Sasa huyo fundi mwenzako. Swali hili naletewa kila mara kwa sura mpya: "Fundi, imeingia, niitumie?" Kana kwamba tundu la koleti ndilo linalotoa kibali! Koleti inajua unene wa mkia, basi. Haijui kichwa kimetengenezwa kula nini, kwa kasi gani, wala kimeshikwa na nini.

Biti ya rauta ina makali mawili marefu yanayong'ata tonge kubwa kila mzunguko. Inavumilika kwenye rauta kwa sababu kitako cha mashine kimekaa juu ya mbao na kinazuia kina. Kwenye grenda ya mkono hakuna kitako. Makali yakikuta nyuzi zilizogeuka, na mkongo unazo, yanadaka mbao na mashine inaruka upande usioutaka. Biti ya kuchongea ina meno mengi yanayolamba kidogokidogo, ndiyo maana mkono unaweza kuishika.

Msumeno wa duara kwenye grenda ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu umekuwa ujanja wa kusifiwa. Grenda ya diski ya milimita 115 kwa kawaida huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya msumeno wa duara huzunguka kama mara 5,000, na ina kitako na kava linalojifunga lenyewe. Soma kasi iliyochapwa kwenye msumeno wenyewe kabla hujabishana nami. Halafu, ili uenee, watu huvua kava la grenda na mkono wa pembeni! Ukibanwa kwenye mbao hausimami, unairusha mashine nyuma, na nyuma ndipo lilipo paja lako au shingo yako. Nina aproni ya ngozi yenye mpasuko wa karibu shibiri moja tumboni, kumbukumbu ya mwaka niliokuwa mjanja hivyohivyo. Siku hiyo nilikuwa nimeivaa kwa sababu ya baridi tu.

Zipo diski za kuchongea zilizotengenezwa kwa ajili ya grenda, zenye miiba ya kabaidi, na kasi yake imeandikwa. Nunua hiyo, acha kava mahali pake, shika kwa mikono miwili. Kama fedha haijafika, tezo ipo, na kwa mkongo uliokauka vizuri tezo kali haikucheleweshi sana kama wanavyodhani vijana wa video fupi. Hao wanakuonyesha nusu dakika ya kazi, mashine haina kava, kijana kavaa kandambili, na vidole vyote kumi bado anavyo. Wenye vidole tisa hawarekodi.

Jambo moja hukuliuliza. Patasi inatoa maganda yanayoanguka chini, biti inatoa unga mwembamba unaoelea, na vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya visababishi vya saratani. Leso uliyofunga mdomoni hailizuii. Nunua barakoa ya vumbi yenye kichujio, fedha yake ukate kwenye ile ya seti.