Wadogo Zangu Mnaokuja Kutangazia Bonn

Kila kundi jipya likitua hapa Deutsche Welle, Ujerumani, na shahada mbichi na sauti nzuri, haupiti mwezi linarudia madudu yetu yaleyale. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja kwenye foleni ya kahawa, kwa hiyo naandika.

1. Makaratasi kwanza. Jiandikisheni manispaa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Hiyo Anmeldung ndiyo inayowaletea namba ya kodi, na bila namba hiyo mshahara unakatwa mpaka mlie. Barua ya ada ya utangazaji, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, msiitupe mkidhani ni tangazo la biashara. Ndiyo, mtangazaji naye analipia redio. Tena Deutsche Welle haiambulii kitu humo, maana inaendeshwa kwa kodi za serikali kuu. Nililalamika, nikalipa.

2. Saa. Majira ya baridi tuko nyuma ya Dar kwa saa mbili, ya joto saa moja. Na Kongo ina kanda mbili za saa, jamani! Juzi mtu kadhani Kinshasa na Goma ni mamoja, kamwamsha mgeni wa mahojiano saa kumi na moja alfajiri, halafu anashangaa kujibiwa kwa ukali.

3. Chanzo. Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Wiki hii nimemsikia mmoja wenu akimwambia mhariri, "Jina tumeliondoa, sauti turushe tu." Nami niliwahi kusema hivyohivyo. Nilikuwa mgeni mwenye uchu wa fitcha, yaani makala ya redio, itakayosikika, nikampata kwa simu mama mmoja mchuuzi wa dagaa, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria. Akanieleza jinsi mkusanya ushuru anavyodai chake pembeni bila risiti. Aliniomba nisimtaje, nami sikumtaja. Nikasema "mchuuzi mmoja", ila mwalo nikautaja kwa jina, na sauti yake nikaiacha ndefu kwa sababu ilikuwa tamu, ina kicheko katikati ya malalamiko. Nikapongezwa. Nikawarushia hadi niliosoma nao chuo.

Kesho yake akapiga. "Mwanangu, jina hukulitaja, lakini hapa mwaloni nani haijui sauti yangu?" Walikuwa wamemnyima vichanja vya kuanikia, dagaa wake wakaharibikia kwenye ndoo. Nikasema, "Pole, mama," nikakosa la kuongeza. Hata kumtumia hela nilisita, kwani kumlipa chanzo ni kosa jingine. Nilimtumia. Mhariri wangu hajui mpaka leo. Mimi nilikuwa mbali, nina kibali cha kukaa Ujerumani, huyo mkusanya ushuru angenifanya nini?

Kwa hiyo maneno yasomwe na mtu mwingine, mwalo usitajwe, na muulizeni mwenyewe nani anaweza kumtambua. Anajua kuliko mhariri.

4. Mengineyo. Someni viza yenu imefungwa kwa mwajiri yupi. Sauti ya Amerika iliposimamishwa Machi 2025, wenzetu wa Washington wenye viza za kazi walijikuta hawana uhakika wa kubaki. Wanaolipwa kwa zamu, ulizieni mapema Künstlersozialkasse, mfuko wa bima ya jamii wa wasanii na waandishi wa kujitegemea. Koti la baridi nunueni hukuhuku, kwenye maduka ya mitumba. Lile mlilopigia bei soko la mitumba la Karume, Dar, mkalibeba kwenye ndege, huenda lilitokea huku.